Ingia Umoja wa Kina Mama, Ubaki Vilevile

Nilijiunga na umoja wa kina mama wa kanisani kwa sababu ya jeneza. Mwaka ule alifariki jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye duka, mtu wa heshima zake, ila hakuwa mwanachama wa kikundi chochote. Mchungaji alisali vizuri, kwaya ikaimba nyimbo mbili, halafu tukabaki tunatazamana: nani anapika? Wanaume wakaenda kununua soda. Wiki mbili baadaye akafariki bibi mmoja wa mtaa wa pili, maskini asiye na hata baiskeli, lakini mwanachama. Walikuja wanawake kama sabini na sare zao, wakaimba mpaka magari yakasimama, na maharage yakabaki. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba Watoto, mimi nataka kuzikwa hivi."

Basi hilo ndilo lililonipeleka. Sikwenda kukua. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na kimo kilekile tangu kidato cha pili. Nilichotaka ni sare, wimbo na maharage ya kubaki. Naamini hapa Dodoma tupo wengi wa aina hii, na mwongozo huu ni wenu. Nitawaonyesha namna ya kuingia, kulipa ada, kufunga kitambaa kichwani, na kubaki kama mlivyokuwa. Mimi mwenyewe nimeshindwa, lakini mganga hajigangi.

Kabla ya yote kuna cheti cha ndoa. Tawi letu, ambalo silitaji, kama matawi mengi ya kina mama wa Anglikana huku kwetu, halimpokei mwanamke anayeishi na mume bila ndoa ya kanisani. Zamani hata aliyepewa talaka alikuwa hana mlango. Uingereza, chama kilikozaliwa, walilegeza kanuni hiyo miaka ya 1970. Mimi na Baba Watoto tulikuwa na miaka kumi na minne na watoto watatu bila kupita madhabahuni. Mahari alishamaliza, wazee wameridhika, nani tena alikuwa na haraka? Tukafunga ndoa Jumamosi moja pamoja na jozi nyingine sita, tumepanga foleni kama watu wa chanjo. Mtoto wetu wa kwanza ndiye aliyebeba pete. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, mdogo wake huyo mbeba pete akasema ana njaa. Hapa mjihadhari. Mwanamume akiulizwa mbele ya kanisa zima kama anakupenda, akajibu ndiyo kwa sauti, hawi yuleyule jioni. Nilikuwa nimejipanga nisibadilike mimi. Kuhusu yeye sikujipanga.

Ukishapokelewa utatafuta pa kukaa. Mgeni hudhani nyuma karibu na mlango ndiko kwenye usalama. Si kweli. Mwenyekiti wa kina mama huona nyuma kuliko mbele, kwa sababu mbele wamekaa wakongwe ambao hawamshangazi tena. Kikao changu cha pili, nimejibanza benchi la mwisho, nusu ya mwili iko nje, nikasikia: "Bwana Yesu asifiwe! Yule mama mgeni pale mlangoni atufungulie kwa sala."

Nikasimama. Nikaombea wagonjwa mahospitalini, wafungwa magerezani, wasafiri wa nchi kavu na wa majini. Nikamwombea rais, nikamwombea mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, na nilipokuwa nashuka kwenda kwa mtendaji wa kata nikagundua sijui pa kutokea. Nikaomba mvua. Ulikuwa mwezi wa nane. Kwa asiyeijua Dodoma, mvua ikikata hapa mwezi wa nne au wa tano, kinachofuata ni vumbi na upepo mpaka karibu na Krismasi. Kuomba mvua mwezi wa nane ni kama kuagiza embe mwezi wa sita. Kina mama wakaitika "Amina" kwa nguvu, hakucheka hata mmoja. Bibi niliyekaa naye benchi moja akaninong'oneza, "Umejitahidi, mwanangu. Kuna mwaka iliwahi kunyesha."

Dawa ya hali hii ni kukohoa. Ukiona macho ya mwenyekiti yanakuja upande wako, kohoa, inama, tafuta kitu ndani ya mkoba. Ukikubali mara moja tu, umekwisha. Mfano ni mwanzilishi wa chama mwenyewe, Mary Sumner, mke wa mchungaji wa Old Alresford, kijiji cha kusini mwa Uingereza. Mwaka 1876, akiwa amepata mjukuu, aliwaalika wanawake wa kijiji nyumbani kwake, wake za matajiri pamoja na wake za vibarua, wazungumze juu ya kulea watoto. Watu wakafika. Zamu yake ya kusema ilipowadia, ujasiri ukamkimbia, akawaomba warudi wiki ijayo. Mpaka hapo mama huyu alikuwa anafuata mwongozo wangu barabara. Kosa lake ni kwamba wiki ile ya pili wale wanawake walirudi, na yeye akasema. Miaka tisa baadaye, mwaka 1885, kwenye mkutano wa kanisa kule Portsmouth, Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle akamsimamisha azungumze na ukumbi uliojaa wanawake. Leo chama kina wanachama zaidi ya milioni nne duniani. Haya ndiyo matokeo ya kutokohoa.

Na usibebe kalamu. Hili naliandika kwa machungu. Biblia beba, kitabu cha nyimbo beba, mwavuli beba hata mwezi wa nane, lakini kalamu iache nyumbani. Kikao changu cha nne katibu alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza mkwe wake. Mwenyekiti akauliza, "Nani ana kalamu?" Nikainua mkono nikidhani anataka kuazima. Nimekuwa katibu kwa miaka sita sasa.

Mtu ambaye hajawahi kuandika muhtasari wa kikao cha kina mama hudhani kazi ni kuandika yaliyosemwa. Ukiandika yaliyosemwa, chama kinavunjika Jumatano ijayo. Chukua mfano wa sufuria. Tulikuwa na sufuria kubwa la msibani, limekatika mkono mmoja tukafunga waya, linapika maharage ya watu mia. Likapotea. Mara ya mwisho lilionekana nyumbani kwa mwanachama mmoja, ambaye naye akaapa kwamba alishalirudisha. Mimi, katibu, niliweka kalamu chini nikamwambia mbele ya wote kwamba sufuria halina miguu. Akaniuliza kama namwita mwizi. Nikamwambia sijataja jina la mtu, nimetaja sufuria. Akasimama, nikasimama, bibi wa benchi la nyuma akaanzisha pambio. Tulipotulia nikachukua kalamu yangu, mikono inatetemeka, nikaandika: "Wajumbe walijadili kwa kina suala la vyombo na kuelekezana kwa upendo. Suala litaendelea kujadiliwa."

Nikausoma muhtasari huo jioni ile nyumbani, mara mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ugomvi wangu mwenyewe ukiwa umeandikwa na mtu mwenye adabu.

Madhara ya kalamu hayaishii kanisani. Ukizoea kusoma "yatokanayo na kikao kilichopita", huwezi tena kukaa kwenye kikao cha watu wengine ukasinzia. Shule wanayosoma wanangu iliita wazazi kuhusu mchango wa chakula. Mjumbe wa kamati akasoma makadirio, kila mzazi elfu nane. Zamani ningeguna na jirani yangu, tukaisema kamati njia nzima mpaka nyumbani. Safari hii nikajikuta nimesimama: "Samahani mwalimu, kikao kilichopita tulikubaliana elfu tano. Naomba tusomewe muhtasari, halafu tuingie kwenye yatokanayo." Mwalimu mkuu akavua miwani. Muhtasari haukuwepo. Tulilipa elfu tano, na mimi nikaingizwa kwenye kamati, ambalo ni janga lingine kabisa. Kwa hiyo kalamu acheni. Burundi wenzetu wa chama hikihiki wameendesha madarasa ya kusoma na kuandika tangu mwaka 2000, watu wazima wakifundishwa na majirani zao waliopata mafunzo kidogo. Sijui hao nao mwongozo wangu utawafikia lini.

Sasa sanduku. Karibu kila kikundi cha kina mama siku hizi kina kikoba ndani yake, na kikoba kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Utaratibu huu mzizi wake uko mbali, Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake vilivyoitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara; ukasambaa Afrika nzima mpaka ukafika uvunguni mwa kitanda cha mweka hazina wetu. Sanduku linakaa kwa mtu mmoja, funguo tatu zinakaa kwa watu wengine watatu, na halifunguliwi ila kikaoni, wote wakitazama. Kwetu hisa moja ni shilingi elfu mbili, mwisho hisa tano kwa kikao, na mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako. Mwisho wa mwaka tunagawana, tunaanza upya.

Ushauri wangu: nunua hisa, lakini ufunguo ukatae. Mimi nilipewa kwa sababu iliyoniumiza. Mwenyekiti alisema, "Huyu hana rafiki humu ndani, atatunza." Nikaufunga kwenye pindo la khanga, nikaenda nao nyumbani nikiona kama nimepewa mbaazi moja nilinde. Mwezi wa tatu Baba Watoto akapata shida ya pikipiki.

"Mama Watoto, si uwaambie tu wenzako mfungue kidogo? Ijumaa narudisha."

"Ufunguo wangu peke yake haufungui kitu. Inatakiwa barua."

"Barua? Nimwandikie mke wangu barua?"

"Unaandikia kikundi. Tena mkopaji lazima awe mwanachama, na wewe si mama."

Akanyamaza mpaka taarifa ya habari ya saa mbili ikaisha. Mimi nilikuwa jikoni, moyo unakwenda mbio. Miaka yote ile ya kuishi naye nilikuwa najua njia mbili tu za kumkatalia: kupiga kelele, au kukubali halafu nikanuna wiki nzima. Hii ya kukataa huku unageuza chapati sikuwa nayo. Mwishowe nilikopa mimi, kwa jina langu, kikaoni, kwa sauti, nikaeleza sababu, nikaulizwa maswali na wanawake ishirini na wanne kuhusu pikipiki ya mume wangu. Alilipa kwa wakati. Aliniambia baadaye kwamba benki angewachelewesha, ila wale kina mama anakutana nao njiani.

Semina nitaipita haraka, kwa kuwa semina haina hatari. Unaweza kuhudhuria semina kumi za maendeleo ya mwanamke na ukarudi mzima. Mada ni ileile, mwanamke wa Mithali sura ya 31, yule anayeamka kabla hakujapambazuka, anafuma, anauza, ananunua shamba na kupanda mizabibu. Sisi wa Dodoma tunampenda kwa hiyo mizabibu, tunajua kazi yake na tunajua mnunuzi anavyopunja. Lakini wawezeshaji wote niliowasikia huruka mahali fulani: yule mama alikuwa na wajakazi. Mstari wa 15. Na mume wake alikuwa amekaa langoni na wazee, jambo ambalo wanaume wetu wanalitimiza vizuri mno pale kijiweni bila semina yoyote.

Semina haina hatari mchana. Usiku ndio uuogope. Tulilazwa kwenye bweni la shule wakati wa likizo, magodoro yamepangwa chini, wanawake arobaini. Taa ikizimwa, mwezeshaji akiwa amelala kwake, hapo ndipo semina inaanza. Mama mmoja wa kijijini, sauti nzito, sikumwona sura mpaka asubuhi, alisimulia jinsi alivyonunua ekari mbili akataka hati iandikwe jina lake. Shemeji zake walimcheka. Akaenda ofisi ya kijiji, akakaa kwenye benchi siku nzima na kibuyu chake cha togwa, kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Ndiye aliyetuambia gizani kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria hiyo ilikuwa na miaka mingi tayari, na mimi na kidato changu cha nne naisikia godoroni. Sikulala. Kama huna mpango wa kurudi nyumbani na maswali kuhusu kiwanja, beba pamba za masikio.

Nimebakiza jiko la msiba, ambako ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo, maana ndiko nilikoingilia. Jiko la msiba lina ngazi zake. Mgeni anachambua mchele. Akivumilia anapandishwa kwenye nyanya na vitunguu. Kuosha vyombo ni kwa wenye toba, kusonga ugali ni kwa wenye mabega. Juu kabisa yuko mgawa nyama, na huyo hateuliwi, anajulikana tu. Ndiye anayejua nani amekuja na watoto watano, nani hajala tangu jana, ni mkwe gani akipewa shingo ataondoka amenuna. Nilijifunza huko kwamba kilo ya mchele inayolisha watu saba nyumbani, msibani inalisha kumi, na kwamba hesabu hiyo haielezeki, inakorogwa.

Ukitaka usikue, baki kwenye mchele. Usikubali kuitwa ndani. Siku moja niliitwa nipeleke uji kwa mfiwa. Kijana wake alikuwa amekufa kwa bodaboda. Niliingia na maneno yangu tayari, maana sasa nilikuwa mtu wa sala ndefu. Nikamkuta yule bibi wa benchi la nyuma amekaa mkekani, amemshika mfiwa kifundo cha mguu. Hasemi kitu. Nikafungua kinywa, bibi akanitazama tu, nikakaa. Tulikaa hivyo mpaka uji ukaganda juu. Kisha mfiwa akasema, "Alikuwa hapendi uji." Bibi akajibu, "Eeh." Tukakaa tena.

Nilitoka mle ndani na sala yangu nzima tumboni, haijatumika.

Mama yangu mzazi alifariki mwaka jana, kijijini, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa mjini. Nilikuwa nimejiunga kwa ajili ya mazishi yangu, sikuwa nimepiga hesabu ya mazishi ya mwingine. Wakafika asubuhi na mapema kwenye lori la mchanga, wamesimama, sare zimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, wanaimba. Bahasha ya mfuko wa jamii wa kikoba chetu ikasomwa, hata shilingi ikatajwa, kama kanuni inavyotaka. Nilikuwa mkekani. Bibi alikuja akakaa miguuni kwangu.

Mchana nikatoka nje kidogo kuvuta hewa, nikapita jikoni. Kwenye mafiga ya mwisho, chini ya mkwaju, maharage yalikuwa yanatokota ndani ya sufuria kubwa, mkono mmoja umefungwa waya. Aliyekuwa akikoroga ni yule tuliyenuniana naye miaka miwili, tunaitikiana "Amina" kanisani lakini salamu hatupeani. Jasho linamtiririka, moshi unamwingia machoni. Tukatazamana. Akachota mwiko, akapuliza, akanipa nionje.

"Chumvi?" akauliza.

"Imetosha, dada."

Kikao kilichofuata kilikuwa Jumatano. Nilisoma muhtasari kama kawaida, ajenda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya nne nikainua kalamu na kuandika papo hapo, huku nikitamka: "Vyombo: imefungwa. Yatokanayo: hakuna." Yule dada wa sufuria alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti akatazama huku na huku akitafuta wa kufunga kwa sala, na nikamwona anaanza kukohoa.